Mweka hazina hapatikani, mfadhili yuko mlangoni: pesa za kikundi cha AA zishikweje?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha AA (Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe) hapa Nairobi, nina miaka miwili na miezi minne bila pombe. Tunakutana Jumanne na Ijumaa jioni kwenye ukumbi wa kanisa, watu 12 hadi 15. Ukumbi ni Sh 500 kila mkutano na chai kama Sh 200. Kikapu cha michango huleta kati ya Sh 800 na 1,000 kila mkutano, na sehemu kubwa ilikuwa ikitumwa kwa M-Pesa ya mweka hazina, laini yake mwenyewe. Hesabu ilisomwa mara ya mwisho wiki 23 zilizopita, tukiwa na akiba ya Sh 4,300. Tangu hapo tulinunua vitabu vya Sh 3,000. Wiki tatu sasa mweka hazina haji na simu hashiki. Nimewaomba watu walete taslimu, na ipo kwenye bahasha nyumbani kwangu. Msimamizi wa ukumbi anadai kodi ya wiki tisa. Mzee wetu mwanzilishi, mwenye miaka 19 bila pombe, anasema mambo ya pesa yasisemwe mkutanoni kwa sababu AA ni chama cha usiri, na kwamba yeye atayamaliza. Wakati huohuo kaka ya mwenzetu mmoja, mfanyabiashara, amejitolea Sh 60,000 za kodi ya mwaka mzima na viti kumi. Hataki hata jina lake litajwe. Nusu ya kikundi wanasema Mungu ametujibu. Je, tukichukua, ofisi ya AA ya New York itatufungia? Nianzie wapi?

JIBU: Pole kwa mzigo huu. Ulichaguliwa kuwa katibu, kazi ya kufungua mlango na kupanga nani ataongoza mkutano, na sasa umegeuka mkaguzi wa hesabu na mpatanishi. Nitajibu yote, lakini si kwa mpangilio uliouliza, kwa sababu kuna jambo moja hapo lisiloweza kusubiri Jumanne.

Jambo hilo ni mweka hazina mwenyewe. Mtu wa AA akikosa mikutano sita mfululizo na simu hashiki, dhana ya kwanza iwe kwamba amerudia pombe. Huenda pesa imeliwa, huenda haijaliwa, lakini aibu ya hiyo pesa inatosha kumfungia chumbani azidi kunywa. Nendeni kumwona watu wawili, mchana, wote wa kikundi na wenye muda wa kutosha bila pombe. Asiende mtu peke yake, na asipelekwe mgeni wa wiki mbili ambaye harufu tu ya chupa inaweza kumyumbisha. Daftari la hesabu libaki nyumbani. Siku hiyo mnamuuliza anaendeleaje na kama anataka msaada, basi. Mkianza na shilingi hamtafunguliwa mlango mara ya pili.

Mkimkuta amekuwa akinywa kila siku, msimwambie aache papo hapo na avumilie. Pombe hupooza ubongo. Ubongo uliozoea kupoozwa kila siku hujisukuma zaidi ili uendelee kufanya kazi, na pombe ikikatwa ghafla ule msukumo unabaki bila kizuizi. Kutetemeka, jasho na wasiwasi huanza saa chache baada ya tone la mwisho. Degedege, likija, huja zaidi kati ya saa 6 na 48. Kuchanganyikiwa, homa na kuona vitu visivyokuwepo hujitokeza siku ya pili hadi ya nne, na hali hiyo huua. Ukiona mojawapo ya dalili hizo kubwa, au akikwambia aliwahi kupata degedege alipojaribu kuacha zamani, ni hospitali siku hiyohiyo: idara ya dharura iliyo karibu, au Kenyatta, au Mathari kule Thika Road. Namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo, nao huelekeza. Kumpa glasi ya asubuhi "atoe loki", yaani uchovu wa pombe ya jana, humtuliza kwa saa chache tu, kisha mzunguko unaanza upya. Daktari ana dawa za kumshusha polepole, akiwa anaangaliwa. AA haitibu wala haitoi dawa, na kikundi kinachojaribu kufanya hivyo kinaweza kumzika mtu.

Baada ya hapo, hesabu. Usiingie mkutanoni na neno "ameiba". Ingia na karatasi. Mweka hazina alishika pesa kwa wiki 20, yaani mikutano 40. Kwa wastani wa Sh 900, kikapu kilileta 36,000. Chai ilichukua 8,000 na vitabu 3,000. Kuhusu kodi, katika wiki tisa zinazodaiwa, tatu ni za baada ya yeye kupotea. Kwa hiyo katika zamu yake hazikulipwa wiki sita, na wiki 14 zililipwa, ambazo ni mikutano 28, Sh 14,000. Jumla iliyotoka ni 25,000. Zinabaki 11,000, ongeza akiba ya 4,300, unapata Sh 15,300 ambazo zinapaswa kuwa mikononi mwake. Kwa kuwa kikapu hupanda na kushuka, toa au ongeza kama 4,000.

Andika hiyo 15,300 kubwa juu ya karatasi. Bila namba, mnong'ono wa kwenye chai utaifikisha laki moja kufikia Ijumaa, na mtu atahukumiwa kwa laki moja. Kiasi halisi ni matumizi yenu ya miezi miwili hivi. Ndani yake mna Sh 6,000 za kanisa, na hizo kikundi kinazilipa hata kama hazitapatikana, kwa sababu waliokaa ukumbini ni ninyi.

Bahasha iliyo kwako itolewe kabla ya mkutano ujao. Najua uliichukua kwa nia njema, lakini pesa ya kikundi kulala kwa mtu mmoja ndiyo iliyowafikisha hapa. Ihesabuni watu wawili. Kwa mikutano sita, ukitoa chai, mnapaswa kukuta karibu Sh 4,200. Lipeni mara moja 3,000 za wiki hizi tatu, ongezeni 1,200 kwenye deni la zamani, na mpate risiti ya tarehe. Deni litabaki 4,800. Sasa tazama: kila mkutano kikapu kikileta 900, kodi ikatoka 500 na chai 200, mnabaki na 200, yaani 400 kwa wiki. Deni lote linaisha kwa wiki 12. Mwendee msimamizi wa ukumbi na mpango huo ulioandikwa. Makanisa huvumilia kikundi kinacholipa kidogo kidogo kwa tarehe inayojulikana kuliko kikundi kinachoahidi.

Nije kwenye neno la mzee wenu, kwamba pesa isisemwe kwa sababu ya usiri. Hapa kuna kosa ambalo limeshavunja vikundi vingi. Usiri wa AA ni wa majina na nyuso. AA ina Mapokeo Kumi na Mbili, kanuni zinazoongoza vikundi vyake. Pokeo la Kumi na Moja linazungumzia magazeti, redio na filamu: mwanachama asijitangaze huko kwa jina lake kamili kama mtu wa AA. La Kumi na Mbili linaweka kanuni mbele ya watu. Hakuna mahali ambapo salio la kikapu limefanywa siri. Kinachofichwa ni nani alitoa nini. Kiasi kilichoingia na kilichotoka ni mali ya kila aliyeketi pale, hata aliyekuja jana na hakuweka kitu. Katibu asome: taslimu kadhaa, M-Pesa kadhaa, kodi, chai, salio. Dakika mbili zinatosha, na hakuna jina lililotajwa.

M-Pesa inastahili maelezo zaidi, maana hapo ndipo mambo huharibika bila mtu kukusudia. Laini ya mtu binafsi haijui shilingi ipi ni ya kikundi na ipi ni ya unga. Mtu akilipa nauli kutoka humo akisema atarudisha Ijumaa, salio limeshachanganyika. Tena kuna Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa. Mweka hazina akiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwenye laini hiyo hukatwa yenyewe kulipa deni. Mwanachama anatuma mia kwa ajili ya kikundi, na mia hiyo inamezwa kabla mwenye simu hajafungua ujumbe. Sijui kama ndicho kilichotokea kwenu, lakini jambo hilo liulizwe kabla ya neno wizi kutamkwa. Akikubali kutoa taarifa ya miamala ya wiki zile 20, itaonyesha kila mkato. Taarifa hiyo isomwe na watu wawili tu, kwa sababu ina majina ya waliotuma, na isipigwe picha kwenda WhatsApp.

Kwa kikundi chenu, utaratibu unaotosha ni huu. Kikapu cha taslimu kiendelee kuzunguka hata kama wengi hutuma kwa simu, ili mgeni asilazimike kuacha jina lake kwenye simu ya mtu asiyemjua. Na aambiwe waziwazi kwamba hadaiwi kitu. AA haina ada. Mkutano ukiisha, kabla vikombe havijaoshwa, watu wawili wahesabu palepale mezani na kuandika kwenye daftari: tarehe, taslimu, M-Pesa, kilichotoka, kilichobaki. Wote wawili watie sahihi kwa jina la kwanza. Mweka hazina awe na laini ya pili kwa kazi hii peke yake, isiyojiunga na Fuliza wala mkopo wowote, na kodi ya mwezi ilipwe mwanzoni mwa mwezi moja kwa moja kwa kanisa, badala ya kungojea irundikane. Pesa ikiwa kidogo kwenye laini, kishawishi huwa kidogo na hasara huwa ndogo. Kila baada ya wiki nne, naibu wake alinganishe daftari na taarifa ya simu.

Akaunti ya benki yenye sahihi za watu wawili ni salama zaidi kwa upande wa pesa. Lakini benki huomba katiba, kumbukumbu za kikao na cheti cha usajili wa kikundi, na usajili huomba orodha ya majina na namba za vitambulisho. Watu wenu wanapaswa kuulizwa mmoja mmoja kama wako tayari kuandikwa hivyo. Kwa kikundi kinachoingiza Sh 8,000 kwa mwezi, nadhani hailipi. Kwa baraza la vikundi la mji, linaloagiza vitabu na kuendesha simu ya msaada, inalipa.

Sasa zile 60,000. Ofisi ya New York haiwezi kuwafungia. Hapa wengi hukosea, wakidhani AA ina makao makuu kama ya kampuni. Imegeuzwa juu chini: vikundi viko juu, na ofisi na mabaraza yako chini yakivitumikia. Pokeo la Nne linakipa kila kikundi uhuru wa kujiendesha, isipokuwa pale kinapogusa vikundi vingine au AA yote. Mkichukua, hakuna barua itakayokuja, na gharama yake mtailipa wenyewe.

Pokeo la Saba linasema kila kikundi kijitegemee kabisa na kikatae michango ya nje. Mfadhili wenu si mwanachama, kwa hiyo pesa yake ni ya nje, hata ikipitia mfukoni mwa nduguye. Naamini nia yake ni safi, na ndiyo maana ni vigumu kukataa. Lakini fuatilia kitakachotokea. Kodi ya mwaka kwa mikutano 104 ni Sh 52,000, na 8,000 ni za viti. Matumizi yenu ya mwezi, pamoja na vitabu, ni kama 7,000, na akiba inayofaa kikundi ni ya mwezi mmoja hadi mitatu, yaani 7,000 hadi 21,000. Siku pesa hiyo inapoingia, mna karibu mara tatu ya akiba ya juu kabisa, wakati hesabu hazijasomwa kwa wiki 23. Kikapu kitapita na watu watakipitisha, maana kodi imelipwa. Mtaanza kubishana kuhusu viti, spika, safari ya kusherehekea. Mwezi wa 13 kodi itarudi, na desturi ya kutoa itakuwa imekufa. Na siku nduguye atakapogombana na mtu mkutanoni, nani atathubutu kumwambia amekosea?

Kuna kisa cha mwanzoni kabisa. AA ilianza Akron, Ohio, mwaka 1935. Miaka michache baadaye marafiki wa chama walimwendea John D. Rockefeller Mdogo, wakitumaini dola 50,000. Yeye alitoa 5,000 tu za kuwasaidia waanzilishi wawili waliokuwa na shida, akiamini kwamba pesa nyingi zingeharibu kazi yenyewe. Walihuzunika wakati ule, lakini baadaye kujitegemea kukawa msingi wa chama kizima.

Kitu kikubwa zaidi katika hali yenu ni kwamba hamna shida inayohitaji 60,000. Mnajilipia kodi hiyo tayari, mia kwa mia, kila Jumanne na Ijumaa. Deni linaisha kwa wiki 12. Kama kikapu kitashuka, kwa sababu baadhi yenu wanahesabu hata nauli ya matatu, kuna njia: acheni chai kwa miezi miwili (najua itauma, chai ndiyo inayomshika mgeni baada ya mkutano), ombeni chumba kidogo zaidi, au punguzeni hadi mkutano mmoja. Viti mketie vya kanisa. Mfadhili mwambieni ukweli kwa shukrani, watu wawili ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Mwambieni kwamba AA haipokei pesa za nje, na kwamba kama moyo wake unamtuma kusaidia walevi, anaweza kumlipia mgonjwa matibabu kwa jina lake mwenyewe, bila kuhusisha kikundi. Tena, mtu mwenye ndugu mlevi ana maumivu yake. Al-Anon ipo kwa ajili ya jamaa, tangu 1951, na huenda hakuna aliyewahi kumwambia.

Kuhusu mzee, nendeni kwake kabla ya kikao, kwa heshima yote ya miaka 19. Msimkute kikaoni kwa kumvizia. Pokeo la Pili linasema viongozi wa AA ni watumishi wa kuaminika, hawatawali. Neno la mwisho ni la dhamiri ya kikundi, yaani uamuzi wa wanachama wote kwa pamoja. Lilimpata hata Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi hao wawili. Charles Towns, mwenye hospitali ambamo Bill alitibiwa, alimpa kazi ya kulipwa ya kuwashughulikia walevi. Bill alikuwa fukara na aliitaka sana. Akawaeleza wenzake, nao wakamkatalia, kwamba kazi hii isigeuzwe ya mshahara. Akatii. Mkumbusheni mzee kisa hicho, halafu mwombeni akieleze yeye mwenyewe siku ya kikao. Mara nyingi mzee anayeshikilia neno la mwisho anaogopa tu kikundi alichokilea kisivunjike, na akipewa nafasi ya kuieleza hofu hiyo hulegea.

Kikao cha dhamiri ya kikundi kitangazwe mikutano minne mfululizo, kifanyike siku yake au nusu saa baada ya mkutano, kamwe si katikati ya mtu kusimulia alivyoacha pombe. Ajenda iwe na mambo matatu: hesabu, mweka hazina mpya na naibu wake, na zile 60,000. Aongoze mtu asiye na upande. Kila mmoja aseme mara moja kabla ya yeyote kusema mara ya pili. Msitosheke na nusu na mtu mmoja. Tafuteni angalau theluthi mbili. Baada ya kura, waulizeni walioshindwa kama wana la kuongeza, na kama yupo wa upande ulioshinda aliyebadili mawazo, pigeni tena. Watu huruka hatua hiyo kwa kuwa saa imeenda, kisha wachache waliobaki na dukuduku huanzisha kikundi kingine mtaa wa pili. Mweka hazina mpya awe na mwaka mmoja au zaidi bila pombe, asiwe kwenye madeni yanayombana, na zamu yake iishe baada ya mwaka. Wewe pia, zamu yako ya ukatibu ikiisha, ondoka.

Mkikwama, ombeni baraza la vikundi liwatumie watu wawili wazoefu kutoka kikundi kingine waketi nanyi. Hawaji kuamua. Kuwepo kwao tu hupunguza sauti. Polisi ni haki yenu pia, maana kuwa mwanachama hakumwondoi mtu chini ya sheria, lakini huo uwe uamuzi wa kikundi kizima, mkijua kwamba mashahidi watatakiwa kutoa majina yao kituoni. Kwa Sh 15,300 nisingeanzia huko.

Mweka hazina akirudi, iwe baada ya hospitali au moja kwa moja, kiti chake kipo. Sharti pekee la kuwa mwanachama ni kutaka kuacha kunywa, na deni halimo. Pesa asishike kwa sasa, wala funguo za kabati. Mpeni kazi nyingine, kupanga viti au kuosha vikombe, afike mapema na awe na la kufanya na mikono yake. Deni lijadiliwe akiwa ametulia, na yeye mwenyewe apendekeze kiasi. Akisema Sh 500 kwa wiki, ni wiki 31. Aziweke mkononi mwa mweka hazina mpya mbele ya naibu, ziandikwe kwenye daftari kama marejesho, bila jina.